Kuchagua SSD ya Bei Nafuu: Somo kwa Mtafiti wa Lugha Aliye Uwandani

Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha wa leo hafanyi utafiti kwa daftari na kalamu peke yake. Anarekodi sauti, anainukuu kwa maandishi katika programu kama ELAN, anapima irabu katika Praat, halafu anaandika TFC yake. Kazi yote hiyo inakaa ndani ya kompyuta, na ndani ya kompyuta inakaa katika diski. Kwa sababu hiyo, swali la diski ipi inunuliwe halipaswi kuachiwa mafundi peke yao. Ni sehemu ya mbinu za utafiti, sawa na swali la kinasa sauti kipi kitumike au nani ahojiwe.

Katika makala haya ninajadili namna ya kuchagua SSD kwa mfuko wa mwanafunzi. Hoja yangu ni moja: SSD nafuu si ile yenye bei ya chini kuliko zote, wala si ile yenye kasi kubwa kuliko zote. Ni ile ya wastani, iliyo ya kweli, ambayo ukishainunua unabaki na fedha za kuweka nakala ya pili ya data yako. Nitaonyesha pia kwamba stadi inayohitajika hapa tunayo tayari kitivoni, yaani kusoma matini kwa makini. Lebo ya SSD ni matini fupi, lakini ina maneno yanayoficha mambo.

Uwanda: Mwadingusha

Mifano yangu inatoka Mwadingusha, upande wa Likasi, mahali ninapokusanya istilahi za uvuvi na masimulizi ya wazee. Mwadingusha inajulikana kwa bwawa lake juu ya mto Lufira, kwenye maporomoko ambayo wakoloni waliyaita Cornet. Kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930 kwa jina la Francqui, ili kulisha migodi na viwanda vya shaba vya Katanga. Maji yaliyozuiwa na bwawa ndiyo yaliyofanya ziwa Tshangalele, na ziwa likaleta wavuvi, na wavuvi wakaleta maneno yao: Kisanga, Kibemba, Kiswahili cha Katanga, pamoja na Kifaransa cha kazini. Mwaka 2021 ukarabati mkubwa wa mashine zake sita ulifikia mwisho, na uwezo wa kituo ukawa karibu megawati 78, chini ya mradi uliofungamana na mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula.

Hata hivyo, kukaa karibu na mitambo hakumhakikishii mtu umeme nyumbani. Nyaya kubwa hupita juu ya vichwa zikielekea mbali. Ninapofanya kazi kule nategemea betri ya kompyuta, na umeme unapokuja unaweza kukatika wakati wowote. Nalitaja hili mapema kwa sababu ushauri mwingi kuhusu SSD huandikwa na watu ambao soketi yao haizimiki.

Jambo la pili linahusu thamani ya kilichomo ndani. Mmoja wa wazee niliowarekodi alifariki kabla sijamaliza kunukuu sauti yake. Alikuwa akitofautisha aina za nyavu kwa majina ambayo vijana wa leo hawayatumii tena. Duka linaweza kuniuzia diski nyingine, lakini haliwezi kuniuzia saa sita za sauti ya mzee yule. Kila shauri ninalotoa hapa chini linapimwa kwa mizani hiyo.

SSD ni nini, na kwa nini ununue

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika katika kompyuta za mkononi, na kichwa kidogo kinachotafuta data juu ya sahani hizo. Kila utafutaji huchukua takriban milisekunde kumi au zaidi. SSD haina kitu kinachozunguka. Data huhifadhiwa kama chaji za umeme ndani ya seli ndogo sana za chipu, za aina inayoitwa NAND, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba waliitangaza mwaka 1987. Kufikia data huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Jina lenyewe linaeleza jambo. Herufi SSD ni kifupi cha Kiingereza ambacho kwa Kiswahili tungekifasiri kuwa kifaa cha hali mango, neno tulilolizoea katika fizikia. Mitaani kwetu watu husema tu SSD, na wingi wake ni ma-SSD, kama ilivyo kwa maneno mengi ya mkopo katika Kiswahili cha Katanga. Mimi natumia SSD kwa kifaa hiki na diski ya kuzunguka kwa kile cha zamani.

Faida kwa mwanafunzi ni tatu. Kwanza, kompyuta kuukuu iliyochukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kwa sekunde chache, na faili ndefu ya ELAN hufunguka bila kusubiri. Pili, SSD haiogopi mtikisiko wa barabara kama diski yenye sahani. Tatu, kwa kawaida hutumia umeme kidogo, na penye shida ya umeme kila dakika ya betri ina maana. Lakini ikiwa kompyuta ina kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, ya gigabaiti 2 tu, SSD itapunguza uzito bila kuuondoa wote.

Swali la kwanza: je, itaingia?

Kabla ya bei, uliza umbo. Wengi wetu tunatumia kompyuta za mkononi zilizokwishatumika, na ndani yake kuna moja ya hali hizi nne.

1. Nafasi ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Ndiyo ya kawaida katika kompyuta za zamani, na ndiyo rahisi kuliko zote: diski ya kuzunguka inatoka, SSD inaingia mahali pale pale. Angalia unene. SSD nyingi zina milimita 7, na nafasi nyingine zilitengenezewa milimita 9.5, hivyo kipande cha plastiki huongezwa ili isicheze.

2. Nafasi ya M.2 inayokubali SATA peke yake.

3. Nafasi ya M.2 inayokubali NVMe, ambayo ina kasi kubwa zaidi. Hali hii na ile ya pili hufanana kwa macho, na hapa watu wengi hununua kitu kisichofanya kazi. Namba 2280 kwenye lebo inaeleza vipimo tu, yaani upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Haisemi kama ni SATA au NVMe.

4. Hifadhi iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi, kama eMMC ya kompyuta ndogo za bei ya chini. Hiyo haitolewi, na ukiwa na kompyuta ya aina hiyo angalia kwanza kama bodi ina nafasi nyingine.

Ili kujua, soma jina kamili la modeli chini ya kompyuta, tafuta kitabu chake cha matengenezo, au mwombe fundi afungue kifuniko mbele yako kabla hujatoa fedha.

Swali la pili: ukubwa gani?

Hapa tunapiga hesabu badala ya kubahatisha. Sauti isiyobanwa, ya WAV, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na njia mbili, huchukua baiti 288,000 kila sekunde, yaani karibu gigabaiti 1.04 kwa saa. Ukirekodi njia moja kwa biti 16, unapata karibu megabaiti 346 kwa saa. Mwanafunzi mwenye saa hamsini za mahojiano ya aina ya kwanza anahitaji gigabaiti 52. Ongeza mfumo wa kompyuta na programu, tuseme gigabaiti 50, halafu acha sehemu moja ya tano ya SSD wazi, kwa sababu SSD iliyojaa hupungua kasi. Kwa kazi hiyo gigabaiti 240 zinatosha. Anayerekodi video anahitaji 480 au 500, maana video hula nafasi mara nyingi zaidi ya sauti.

Neno gigabaiti lenyewe lina maana mbili. Mtengenezaji huhesabu baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu 1,073,741,824 na kutumia herufi zilezile, GB. Ndiyo maana SSD ya 240 huonekana kuwa na 223, na ya 500 huonekana na 465. Hujaibiwa chochote. Ni neno moja lenye fasili mbili, jambo ambalo mwanafunzi wa semantiki hapaswi kulishangaa.

Swali la tatu: kasi, na neno “hadi”

Juu ya boksi kasi huandikwa kwa herufi kubwa: hadi megabaiti 500 kwa sekunde, hadi 3,500, hadi 7,000. Tukumbuke somo la Paul Grice kuhusu mambo yanayodokezwa bila kusemwa. Neno “hadi” hutaja dari na kunyamaza kuhusu sakafu. Msomaji hudhani kasi ya kila siku iko karibu na dari. Mwandishi wa boksi hakusema hivyo, ila hakuzuia dhana hiyo.

Sakafu inategemea mambo mawili. La kwanza ni seli. Zipo seli zinazobeba biti tatu kila moja, ziitwazo TLC, na zinazobeba biti nne, ziitwazo QLC. Kadiri biti zinavyobanwa katika seli moja, ndivyo bei inavyoshuka, na ndivyo uandishi unavyokuwa wa polepole na uchakavu kuwa wa haraka. La pili ni eneo la akiba. SSD nafuu huandika kwanza katika eneo dogo la kasi. Likijaa katikati ya kunakili faili kubwa, kasi hushuka, na katika baadhi ya SSD za QLC hushuka hata ikawa kama ya diski ya kuzunguka.

Je, jambo hili lituogopeshe? Kwa kazi yetu, hapana. Kiunganishi cha SATA hakipiti takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka ya kompyuta ya mkononi hupata karibu 100. Mwanafunzi anayetoka 100 kwenda 500, na kutoka milisekunde kumi kwenda sehemu ya kumi ya milisekunde, atauona mabadiliko makubwa. Anayetoka 500 kwenda 3,500 hataona tofauti kubwa akifungua faili la maneno elfu ishirini. Basi kasi ndiyo mahali pa kwanza pa kubana matumizi. Usilipie namba ambayo kazi yako haitaigusa.

Swali la nne: uhai na dhamana

Tafuta kifupi TBW katika maelezo ya mtengenezaji. Ni idadi ya terabaiti ambazo SSD inaweza kuandikiwa kabla dhamana kuisha. Kwa mfano, Kingston A400 na Crucial BX500 za gigabaiti 240 zimetajwa kuwa na terabaiti 80 na dhamana ya miaka mitatu, na Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250 ina terabaiti 150 na miaka mitano. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa mwanafunzi, terabaiti 80 zitakuchukua siku 4,000, karibu miaka kumi na moja. Kompyuta yenyewe itakuwa imezeeka zaidi.

Kwa hiyo TBW kubwa si lazima iwe sababu ya kulipa zaidi. Thamani yake kwetu ni nyingine: mtengenezaji anayeandika TBW na miaka ya dhamana amejifunga kwa neno linaloweza kupimwa. SSD isiyo na namba hizo popote, yenye jina lisilojulikana na boksi lenye nyota na umeme uliochorwa, haijajifunga kwa lolote.

SSD za uongo

Katika masoko yetu, kama katika masoko mengi duniani, vipo vifaa vinavyojitangaza kuwa na terabaiti 8 au 16 kwa bei ya chakula cha siku mbili. Ndani mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyopangwa idanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Faili huonekana zimeingia, majina yapo, ukubwa upo. Ukizifungua, hakuna kitu. Kwa mtafiti huo ndio msiba mkubwa, kwa kuwa udanganyifu hugunduliwa baada ya kurudi kutoka uwandani.

Dawa ni kupima kabla ya kuamini. Programu ya bure ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, hujaza SSD nzima na kuisoma tena, kisha husema kama kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo kifaa kimekwisha kufanya kazi, hivyo SSD kuukuu iliyofungwa upya kama mpya hujulikana. Fanya kipimo betri ikiwa imejaa. Kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba ndani ya siku saba utarudisha kifaa kikishindwa. Muuzaji mwaminifu hatakataa karatasi hiyo. Akikataa, amekujibu.

Umeme, na nakala ya pili

SSD nyingi za bei ya kawaida hazina akiba ya ndani ya kumalizia uandishi umeme unapokatika ghafla. Kwa kompyuta ya mkononi yenye betri nzima tatizo hilo ni dogo. Kwa kompyuta ya mezani, au ya mkononi ambayo betri yake imekufa, faili lililokuwa likiandikwa linaweza kuharibika. Mwenye betri mbovu na fedha kidogo afikirie betri kabla ya SSD kubwa.

Jambo lingine halisemwi madukani: chaji ndani ya seli huvuja polepole kifaa kisipopata umeme. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinataka SSD ya matumizi ya kawaida, hata ikiwa imefikia mwisho wa uhai wake wa kuandikiwa, ihifadhi data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzijoto 30. SSD mpya hudumu zaidi ya hapo. Hata hivyo, SSD haifai kufungiwa kabatini miaka na miaka kama hazina ya kudumu.

Hapa ndipo diski ya kuzunguka uliyoitoa inaporudi kazini. Itie ndani ya kasha la USB, kifaa cha bei ndogo sana, nayo iwe nakala ya pili, maadamu bado ni nzima. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ya nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mwanafunzi wa Likasi kanuni hiyo inatimizwa hivi: SSD ndani ya kompyuta, diski ya zamani nyumbani, na nakala ya tatu kwa mwalimu anayekuongoza au kwa mwenzako wa Lubumbashi. Wizi, moto au mvua haviulizi SSD yako ni ya chapa gani.

Hitimisho

Sijataja bei, kwa kuwa bei za chipu hupanda na kushuka, na kwetu hubadilika pia kwa thamani ya faranga mbele ya dola. Lakini mpangilio wa kufikiri haubadiliki. Punguza kasi kwanza, halafu punguza ukubwa hadi ule ambao hesabu yako imeonyesha. Usipunguze uhalisi wa kifaa, wala usiifute nakala ya pili. Kwa wengi wetu jibu litakuwa SSD ya SATA ya gigabaiti 240 hadi 500, ya mtengenezaji anayejulikana, pamoja na kasha la USB. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote viwili, nunua kwanza njia ya kuweka nakala, kisha endelea na kompyuta yako ya polepole muhula mmoja zaidi.

Mazoezi

1. Fungua kompyuta unayotumia, au soma kitabu chake, useme iko katika hali ipi kati ya zile nne.

2. Una saa thelathini za sauti ya WAV, njia moja, biti 16, sampuli 48,000. Zitachukua gigabaiti ngapi?

3. SSD ya kwanza ina gigabaiti 480, TBW 120 na dhamana ya miaka mitatu. Ya pili, kwa bei hiyo hiyo, ina terabaiti 2, “kasi hadi 7,000”, bila TBW wala dhamana. Andika aya moja ukieleza kila lebo inasema nini, na inanyamazia nini.

4. Taja ni wapi, leo hii, zilipo nakala mbili za data ya TFC yako. Kama huwezi kutaja ya pili, fanya zoezi hili kabla ya mengine.